Gauni la Manjano na Ukaya wa Mama

Nilipata gauni langu la kwanza la hariri nikiwa mwari, katika umri ule ambao msichana hujiona mzuri kuliko alivyo. Siku zile tuliliita kanzu, lakini wajukuu wangu wanasema kanzu ni ya wanaume, basi nitaliita gauni ili tusigombane. Lilikuwa la manjano na halikuwa na mikono.

Kukosa mikono hakukuwa mtindo. Ilikuwa kazi ya bibi yangu, mama yake baba, ambaye Mungu alimjalia ulimi mrefu na mkono mfupi. Tulikaa Baleni watatu, bibi, mama na mimi. Baba alikufa nikiwa bado natambaa. Kitambaa kilipimwa kwa dhiraa, yaani kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na nyumbani alinipima ami yangu, mkwezi wa minazi, ambaye mikono yake ilikaribia kugusa magoti. Akasema dhiraa nane zinatosha. Tukaenda Chole dukani, bibi na mimi. Mhindi mwenye duka, mtu mrefu naye, akanyoosha mkono wake apime. Bibi akamshika.

"Mkono wako siujui," akamwambia. "Pima kwa wangu."

Mhindi akamtazama bibi, akautazama na ule mkono, akasema, "Upendavyo, mama." Bibi akapima mwenyewe dhiraa nane, moja baada ya moja, kwa sauti, watu wasikie. Njia nzima ya kurudi alitamba kwamba yeye hapunjiki. Fundi cherehani alipokata akatuletea habari kuwa mwili umetosha na mikono haikutosha.

"Mtoto ana mikono yake," alisema bibi, akaenda kutwanga.

Kwa nguo nyingine ningelicheka. Lakini gauni lile lilikuwa la arusi, na arusi yenyewe ilikuwa ya ndugu yangu wa kunyonya, huko Chole, katika nyumba ya mabwana wenye asili ya Umanga, yaani Uarabuni. Hapa lazima nieleze jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa sana. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ile, na hakuzaliwa kama binti wa nyumba. Alikuwa mtumwa wao. Aliandikiwa hati ya uhuru alipoolewa na baba. Mwaka niliozaliwa mimi, bi mkubwa wa nyumba alijifungua mtoto wa kike akakosa maziwa, na mama akaitwa. Tukanyonya wawili, huyu kulia na huyu kushoto. Katika dini yetu mkinyonya ziwa moja mmekuwa ndugu, na hakuna bwana wala mtumwa awezaye kulibadili hilo. Sasa yule wa kulia alikuwa anaolewa, na alituma mtu Baleni kusema anataka nikae ubavuni pake siku ya kutolewa nje aonwe na wanawake.

Kukaa ubavuni pake maana yake ni kukaa ukumbini, juu ya busati, pamoja na mabibi. Na mlangoni pa ukumbi ule alisimama mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama umejifunika nini. Nguo yako ya juu ndiyo iliyomwambia akupitishe ukumbini au akuelekeze uani, kwenye mikeka karibu na majiko. Mabega wazi hayakuulizwa hata swali. Shambani sote tulijifunga kaniki chini ya kwapa, tukaacha mabega yapigwe na upepo, lakini katika nyumba ile mabega wazi yalikuwa ya wale wanaobeba masinia. Kwa hiyo usinicheke nikikuambia kwamba wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya nguo ya kujitupia.

Cha kwanza kilichotolewa kilikuwa shela ya bibi. Bibi alidai wakubwa zake walikaa katika majumba ya mawe ya Kua, kule Juani, na ushahidi wake ulikuwa shela ya hariri iliyokaa ndani ya kasha tangu kabla sijazaliwa. Tukalifungua kasha. Panya nao walikuwa wamedai urithi wao. Nilipojitupia mabegani, gauni la manjano lilichungulia kwenye matundu, na ami akaniuliza kama nimetoka baharini na wavu.

Cha pili kilikuwa ukaya wa mama, kitambaa kirefu cha kujifunika kichwani. Ulikuwa wa bafta nyembamba iliyotiwa nili, buluu iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikawa laini. Mama aliutoa kichwani pake, akaukung'uta, akaninyooshea. Nikautazama tu. Ukaya ndio waliovaa wanawake wa uani. Mtu akiuona kutoka mbali alijua wewe ni nani na mama yako ni nani, na hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Nikasema rangi yake haipatani na manjano. Ulikuwa uongo, na mama alikuwa na macho. Akajifunga tena ukaya wake, akarudi kwenye mkeka aliokuwa anausuka.

Cha tatu kilikuwa buibui. Wakati huo mabuibui yalikuwa mageni kisiwani. Jirani yetu mmoja aliletewa na mumewe kutoka Unguja, na wanawake wa Baleni walikwenda kulitazama zamu kwa zamu. Lilikuwa jeusi, pana, linafunika kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na uso pia ukitaka. Uzuri wake ulikuwa huu: ndani yake hujulikani. Bibi wa mjini, mke wa mvuvi wa Bwejuu, mjukuu wa Kua, binti wa mtumwa, wote weusi sawasawa. Nikaliazima siku hiyo hiyo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema bibi, aliyekuwa bado amenuna kwa ajili ya shela yake.

Nikamjibu moyoni kwamba mimi nataka isitiri mabega tu. Mama yeye alisema, "Kipya kinyemi," akatabasamu. Methali hiyo ina nusu ya pili, ingawa kidonda, lakini mama hakuimaliza, nami nikajifanya nimeisahau.

Siku ya arusi bibi alibaki nyumbani na miguu yake iliyomuuma. Mama na mimi tulitoka alfajiri, tukavuka kwa ngalawa, tukafika Chole jua limepanda. Mimi nilikuwa ndani ya buibui, natembea kwa madaha, nalikanyaga pindo kila hatua ya tano. Nyumba ilipoanza kuonekana, mama alipunguza mwendo.

"Tangulia, mwanangu," alisema. "Mimi napitia uani, kuna wenzangu kule."

Ningeweza kumshika mkono. Nilitangulia. Nimeishi miaka mingi na nimefanya makosa makubwa kuliko hilo, lakini hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Yule mwanamke wa mlangoni alinitazama kutoka juu hadi chini, akakuta weusi mtupu. Na upande wa bwana arusi ulikuwa umetoka Unguja, wanawake wao wote wamevaa mabuibui. Akanidhania mmoja wao. "Karibu, bibi, karibu ndani," akasema, nikapitishwa ukumbini.

Basi ndani ndiko nilikokuta balaa. Katika hamu yangu yote sikuwa nimefikiri jambo moja ambalo hata mtoto angeniambia: wanawake wakishafika ndani kwa wanawake wenzao, buibui huvuliwa. Nililichagua la njiani nikasahau la kukaa. Wageni wa Unguja waliyavua yao mmoja mmoja, wakatokeza na mikono yao ya hariri iliyotarizwa mpaka kwenye viganja, na mabuibui yakatupwa chumba cha pembeni. Mimi nikafunua uso tu, nikabaki doa jeusi juu ya busati jekundu, ubavuni pa bi arusi aliyeng'ara kwa dhahabu na ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kusema wala kuinua macho.

Kushoto kwangu alikaa shangazi yake bwana arusi, bibi mnene mwenye huruma nyingi.

"Vua buibui, mwanangu, utayeyuka."

"Nina homa, bibi," nikasema. "Nasikia baridi."

Usidanganye kuwa unaumwa mbele ya wanawake watu wazima. Nililetewa maziwa ya moto yenye tangawizi. Nikanywa. Nikaletewa tena, safari hii na pilipili manga. Mmoja akaagiza chetezo kisogezwe karibu yangu ili moshi wa udi unitoe homa, na mwingine akanikanda miguu. Jasho lilinitoka nikahisi linatiririka mgongoni juu ya hariri yangu. Bi arusi, macho yakiwa chini kama alivyofundishwa, alininong'oneza bila kufungua midomo, "Una nini wewe?"

"Sina mikono," nikamjibu. Akauma mdomo asicheke, na dhahabu zote zikatikisika.

Hapo ndipo mama alipoingia na sinia la kahawa. Alikuja kama mgeni, lakini kwa kuwa alipita uani na ukaya kichwani, walimpa sinia. Akapita mbele ya mabibi, akiinama kwa kila mmoja. "Shikamoo, bibi. Shikamoo, bibi." Alipofika kwangu akaniona nilivyolowa, na kama mama yeyote alielewa papo hapo. Akaweka sinia chini. Akaufungua ukaya kichwani pake, nywele zake zikabaki wazi katikati ya ukumbi ule, zenye mvi zaidi kuliko nilivyojua.

"Vua," akasema polepole.

Bi mkubwa mwenye nyumba, aliyekaa upande wa pili, akainua shingo ili aone vizuri. Shangazi wa Unguja akanigeukia na kuniuliza kwa upole, maana hakujua lolote, "Huyu ni nani wako?"

Nilijua jibu lina bei gani. Nikisema ni mtu wa nyumba hii, nitabaki mgeni wa Unguja mwenye homa, nitakunywa tangawizi mpaka alasiri, hakuna atakayenisogeza. Nilimtazama mama. Hakunisihi wala hakunikonyeza. Alikuwa tayari kwa jibu lolote, na kule kuwa tayari kwake ndiko kulikoniuma.

"Ni mama yangu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nikavua buibui. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimekwisha kuoga kwa jasho. Mikono yangu ya shamba ikaonekana hadi begani, nyeusi kwa jua na mikwaruzo ya ukindu. Mama akaniwekea ukaya mabegani, akazivuta ncha zake mbele, akafunga fundo. Nilingoja niambiwe niende uani. Badala yake bi arusi, aliyekatazwa hata kupepesa macho, alijisogeza na kuniachia nafasi kubwa zaidi karibu yake, akauegemeza mkono wake wenye bangili juu ya ule ukaya. Shangazi wa Unguja akasema tu, "Alhamdulillahi, homa imeshuka," akaomba kahawa.

Na nisione haya kusema hili: buluu ile juu ya manjano ilipendeza. Tena ilipendeza sana. Nilikaa mpaka mwisho wa sherehe na sikumkwepa mtu macho.

Baada ya alasiri watu walianza kuaga. Nilimkuta mama akinisubiri katika ukumbi wa nje, na kwa kuwa hakuwa na cha kujifunika, alikuwa amevaa lile buibui la jirani. Alikuwa hajapata kuvaa nguo ya namna ile. Alisimama katikati ya wanawake wa Unguja, uso umefunikwa, mikono ameificha, hajui aiweke wapi. Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa mlangoni akiwaaga wakwe zake. Alipofika kwa mama akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mwatuacha mapema hivi."

Mama yangu alimwamkia mwanamke yule kila asubuhi tangu alipojua kusema mpaka alipoolewa. Alimwamkia akiwa na ndoo kichwani, akiwa na mtoto wa mwanamke huyo kifuani. Asubuhi ile ile alikuwa amemwamkia uani. Nikadhani atafunua uso aombe radhi, na nikaomba Mungu asifanye hivyo.

Chini ya nguo ile shingo ilinyooka. Kisha mama akasema, "Marahaba."

Akatoka nje bila haraka, nami nikamfuata na ukaya wake mabegani. Tulivuka, tukashika njia ya mashamba. Hapo nikamuuliza kwa nini hakujitambulisha.

"Nilitaka kuisikia mara moja tu," alisema.

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, na yeye akanicheka mimi. Nikamwambia alifunue buibui, hakuna mtu njiani, apate upepo. Alikataa. Alitembea mbele yangu, analikanyaga pindo kama nilivyolikanyaga mimi, na njia yote mpaka Baleni nilimsikia akilirudia neno lile chinichini, kila mara kwa sauti nyingine kidogo, marahaba, marahaba.