Vidole vya Fundi Waya

Ganzi ilianzia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ikahamia jirani yake, kisha ikavuka mkono wa pili, kama mgeni aliyekaribishwa kiti akachukua na kitanda. Daktari alisema ni sukari. Mkewe alikwisha kujua kwamba kuna jambo, maana alimwona akiipua sufuria ya maji yanayotokota kwa mikono mitupu bila hata kukunja uso.

"Baba watoto, wewe huhitaji tena kitambaa. Umekuwa koleo."

Walicheka wote wawili. Kisha mke akageuka, akaosha bakuli lililokuwa safi.

Mtaani wanamwita Waya. Ni fundi umeme wa majumbani, na mbali na daktari na mkewe hakuna aliyejua. Fundi ni mkono. Watu wakisikia mkono umekufa, hakuna atakayempigia simu. Basi akawa anatumia macho mahali pa vidole, akitazama skrubu inavyozama. Hakuona uchungu. Siku hizo hakuona chochote sana: alikula, alilala, aliamka, alikwenda kazini.

Asubuhi moja kazi ilikuwa kwa mwanamke mshonaji anayeishi na mama yake. Mama alikuwa ametoka hospitali kwa ugonjwa wa kifua, na bafu lao liko upande wa nyumba usioona jua, vigae vyake vinauma nyayo kwa baridi. Kuoga kulikuwa kumegeuka ugomvi wa kila siku.

"Fundi, nataka hita ya kupasha joto humu bafuni," mshonaji alisema. "Na nataka mama yangu awe anatoka mzima. Umeme na maji si ndugu."

"Si ndugu, dada, lakini wanaweza kuwa majirani wema. Ni kuwawekea mpaka tu."

Akaweka mpaka. Alizima umeme wa nyumba nzima, akapima kwa tesa kuhakikisha nyaya hazina moto, akapima tena. Hakuichomeka hita kwenye nyaya nyembamba za taa. Alivuta waya mnene wa peke yake kutoka sanduku la umeme, wenye breka yake ya kukata umeme na ethi yake ya kuupeleka ardhini. Hita aliifunga juu ukutani, mbali na bomba. Swichi aliiweka koridoni, nje ya mlango, mkono wenye maji usiifikie.

"Sasa swichi nje ya nini?" mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Huyu akinikasirikia atanizimia nina sabuni machoni."

"Mama!"

"Naongea na fundi. Sijakuita."

Waya akawasha. Hita ikaanza kuwa nyekundu taratibu. Hapo ikafika sehemu ya kazi aliyofundishwa na fundi wake wa kwanza: iache hita ifanye kazi kwa muda, kisha weka vidole juu ya swichi. Skrubu iliyoubana waya vizuri huiacha swichi imetulia bila joto. Iliyolegea huchemsha, na kinachochemka leo kitaungua kesho.

Akaweka vidole. Hakukuwa na kitu. Popote alipoviweka siku hizo hakukuwa na kitu, na alikuwa ameizoea hali hiyo hata akaichukua kuwa jibu.

"Iko safi," alisema, akaanza kukusanya vifaa.

Mama aliinuka kwenda kulionja joto la bafu lake. Akajishikiza ukutani, kiganja kikapita juu ya swichi, akakirudisha upesi.

"We fundi! Hii mbona inachoma?"

Mshonaji akagusa naye. "Inachoma kweli. Si umeishika sasa hivi?"

Waya alizima breka, akafungua swichi. Skrubu moja ilikuwa imeng'ata plastiki ya waya, ikiigusa shaba kwa ncha tu, na plastiki imeanza kuwa kahawia. Vidole vizima vingelijua palepale: shaba hugoma, plastiki hubonyea. Akakata, akamenya upya, akafunga.

Angeweza kuwasha tena, wakagusa wao, wakasema imetulia, akaenda zake. Lakini nyuma ya hita kulikuwa na skrubu nyingine, na ndani ya sanduku nyingine, zote zimefungwa na mikono hiyohiyo. Macho yake yalizipitisha zote. Na hii nayo yaliipitisha.

"Nimekuuliza, fundi. Uliishika?"

"Niliishika. Vidole vyangu havisikii, dada. Ni sukari." Alisema kama mtu aliyeulizwa saa.

"Na bado unafunga umeme?"

"Leo ndio mwisho."

Kisha mama akasema, "Basi fundi ni mimi," na hakuna aliyecheka.

Waya aliiacha breka imezimwa, akampigia simu Tepu, fundi wa mtaa wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana tatizo asilolifunika kwa tepu. Kwa miaka Waya alikuwa amemfanya kichekesho mbele ya wateja.

"Njoo unikagulie kazi."

"Nani mwenzangu?"

"Waya."

"Waya yupi? Wewe? Nikukague mimi? Umelewa asubuhi yote hii?"

"Mikono imekufa ganzi. Nataka ufungue kila skrubu niliyoifunga, uifunge upya. Na tepu uiache nyumbani."

Waya alisubiri kicheko, hakikuja.

"Nielekeze nyumba."

Alipofika, alimsalimia mama, akaweka mfuko wake wa vifaa sakafuni, akauliza, "Haya, kaka. Umeanzia wapi?"

Waya akamwonyesha kwa kidevu, mikono yake ikiwa mifukoni mwa suruali.