Mabati ya Mama Kinoti

Mama yangu, Celina, alishona nguo Kanyakine kwa miaka thelathini na minane. Kosa likiwa lake, alilitaja kabla mteja hajaliona. Watu waliita tabia hiyo ukali. Mimi naiita heshima, na anayebisha aje tubishane.

Mwaka wa 1986 kaka yangu Kinoti aliposa ng'ambo ya mto. Mbuzi wa mahari walifika kwenye daraja letu la kamba za chuma, wakachungulia maji pembeni, wakagoma. Walivutwa, wakasukumwa, wakalala chini. Wakwe walikuwa ukingo wa pili wakitazama, na mmoja akauliza kama tumeleta mbuzi au mawe. Mama aliona aibu mpaka akajifunika uso kwa leso, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena. Jumatatu alikwenda mbele ya kamati ya daraja, na hakuondoka mpaka wakakubali kuziba pande zote mbili kwa mabati, toka sakafuni hadi kifuani, ili mifugo isione mto.

Mbuzi walivuka. Mama alitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha Agosti ikaja na upepo wake wa bondeni. Daraja lililozoea kuyumba polepole sasa lilijipinda, upande mmoja juu, mwingine chini, kama shuka inayokamuliwa. Watoto wa shule walivuka kwa kutambaa. Wilaya ikamtuma mhandisi, Njagi, kijana mpole kutoka Embu, akakaa ukingoni siku tatu na daftari lake.

"Mama, upepo ikiongezeka kidogo, hii daraja haiongezi kucheza kidogo," alimwambia. "Inaruka mara moja. Na upepo ikipungua, bado inaendelea kucheza. Kamba zitachoka zikatike na watu. Ijumaa tunaikata."

"Si mtoe tu mabati?"

"Tukitoa, mbuzi zitagoma, na nyinyi mtarudisha mabati nikishaenda. Nimeona watu wa huku."

Hapo hakumsingizia mtu. Lakini bila daraja, watoto wangezunguka mwendo wa saa mbili kwenda shule, na mama alijua mabati yale yalitoka kinywani mwa nani.

Alirudi nyumbani akatoa kabatini bendera ya akina mama wa kanisa, aliyoishona mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza bendera ile ilijaa upepo kwenye maandamano ikawaburuta wanawake wawili hadi mtaroni. Mama aliikata matundu ya nusu mwezi, upepo ukapata pa kupita, na tangu hapo ilibebwa na mtu yeyote. Aliikunja, akachukua chaki na tepu, akanituma nimwite Thuranira, fundi wa mabati.

Darajani alianza kwa kumpima mbuzi, toka kwato hadi macho. Watu walicheka. Yeye alichora nusu miezi juu ya kimo hicho, safu mbili pande zote, na Thuranira akakata akifuata chaki, akikunja kila ulimi wa bati nje kidogo. Njagi alitazama bila kumzuia. Aliomba tu kuiona ile bendera, akaishika dhidi ya upepo kwa muda mrefu.

"Jaribu basi," akasema. "Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Ijumaa upepo ulikuja saa nane mchana, mkali kuliko siku zote. Njagi alikataza mtu yeyote kupanda. Mama alikuwa ameshapanda.

"Mama, shuka!"

"Mimi ndiyo nilikoroga hii uji, Injinia. Wacha niinywe."

Alisimama katikati. Upepo ulipiga filimbi katika kila tundu, daraja likayumba, likayumba tena, na halikujipinda. Upepo ulipotulia, nalo likatulia papo hapo. Njagi alifuta jasho, akafungua daftari.

"Nitaandika kwa ripoti, mama Celina ndiye ametengeneza hii daraja," alisema.

Umati ulipiga makofi. Mama alingoja wanyamaze.

"Andika pia mama Celina ndiye aliiharibu," akasema. "Anza na hiyo."