Mama Ameiombea Laptop Yangu

Watu wangu, leo nimeaibika Kitale mpaka nikakosa pa kuweka uso.

Si mnajua nilinunua laptop juzi? Asubuhi nimeiwasha, skrini imejaa mawimbi. Herufi zimenenepa, rangi ni kama upinde wa mvua.

Nikazima, nikawasha. Nikatoa betri, nikarudisha. Nikaigonga mgongoni kama redio. Wapi!

Nikaibeba hadi dukani na hasira zote. Mama yangu, aliyenitembelea kutoka Naitiri, akanifuata pole pole.

Nikapiga kelele ati mmeniuzia takataka, nataka ingine sasa hivi! Wateja wote wakageuka kuniangalia.

Muuzaji akapitisha kidole kwa skrini. Akakinusa.

"Madam, si haya ni mafuta ya kupikia?"

Nikageuka. Mama anaangalia dari.

"Niliiombea jana ukiwa umetoka," akasema. "Gari ya mjomba wako tulipaka mafuta tukaiombea, na haijawahi kuanguka. Sasa hii imekosa nini?"

Bana! Duka lote likacheka. Muuzaji akachukua kitambaa, akapangusa, skrini ikang'aa kabisa. Nikaomba msamaha, nikashika mlango.

Mama hakusonga.

"Kijana, umepangusa maombi yangu yote. Hiyo sasa haina ulinzi. Tupatie ingine."

Naandika hii kwa simu nikiwa hapa nje ya duka. Kupitia dirishani naona muuzaji amefunga macho, ameinamisha kichwa, na mama anatoa chupa kwa kibeti.

Nikimbie, ama niingie niseme amina?