Mgongo Usiolizwa

Ko.

Sauti kavu, fupi, kama kijiti kilichovunjwa chini ya shuka. Mama Viungo aliisikia kila alipofungua chumba chake cha kazi, kabla hajasogeza pazia, kabla hajasugua viganja vyake vipate joto. Haikutoka kitandani wala darini. Ilitoka kwenye mgongo wa dada yake mkubwa, na mgongo huo ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Jina la Mama Viungo alipewa na wagonjwa wake. Kibao cha mlangoni kilisema "Osteopathi, Tiba ya Mikono", lakini nani mwenye kiuno kinachomuuma atapata ulimi wa kutamka neno hilo? Walipanda ngazi za juu ya duka la rangi, wamejishika mgongo, wakitarajia kulala mara moja kwenye kile kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso. Badala yake walikalishwa kwenye kiti wakahojiwa kama wachumba. Unalalaje? Unabeba nini kazini? Uliwahi kuanguka? Haja unapata vizuri? Kisha waliambiwa wasimame, wainame, watembee mpaka dirishani na kurudi. Mikono ilikuja mwisho, nayo haikuwa na papara. Ilibonyeza, ikavuta kidogo, ikasubiri msuli uridhie wenyewe.

"Kesho utajisikia kama uliyelima," aliwaambia. "Baada ya hapo utalegea. Na ukisema acha, naacha."

Walichokitaka hasa ni ko. Mgongo usipolia, mtu hushuka ngazi amenuna kama aliyenyimwa chenji. Aliwaeleza kwamba ile ni hewa tu kwenye maungio, haisemi umepona wala hujapona. Waliitikia kwa heshima, halafu wakauliza, "Sasa wangu utalia saa ngapi?"

Dada yake alikuwa bingwa wao. Alikuja kila Jumamosi.

"Haya, mdogo wangu, niliza."

Ko.

"Hapo sasa. Nimerudi usichanani."

Akainuka akicheka, akakaza sketi yake kwa pini, maana kiuno kilikuwa kimepwaya.

"Unajinyima chakula umtege nani?" Mama Viungo alimtania.

"Mumeo," alijibu dada, wakacheka mpaka wenye duka la rangi wakanyamaza kuwasikiliza. Mlangoni aliuliza, "Jumamosi nirudi?"

"Rudi tu."

Akarudi, na tena. Kila mara alipata nafuu ya siku chache, na nafuu ile ikawafumba macho wote wawili. Maumivu hayakuwa kwenye maungio. Yalikuwa ndani ya mfupa wenyewe, yakila polepole, na hospitali ilipoyaona yalikuwa yameshiba.

Tangu hapo viganja vya Mama Viungo havikutulia. Akimgusa mtu, aliugusa na ule mgongo mwingine.

Asubuhi moja aliingia mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, mtu mzima mwenye mabega mapana na unga kwenye nyusi, na mkewe nyuma yake amekumbatia koti la mumewe.

"Mama Viungo, mimi sina mengi," alisema. "Magunia yamenichosha. Nipige ko moja nikawahi tanuri."

"Kaa kwanza. Usiku unalala?"

"Kama gogo."

"Gogo gani linalozunguka kitanda?" mkewe alisema. "Anaamka, anakaa, anasimama, anarudi kulala. Akilala ndipo maumivu yanazidi."

"Nani mgonjwa hapa, wewe au mimi?"

"Mimi ndiye nisiyelala."

Mama Viungo alimwomba alegeze mshipi. Hapo ndipo alipoliona: tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari, mbali na matundu ya kiwandani. Mwoka mikate aliona anatazamwa.

"Uzee," alisema. "Unga unaingia kwenye mikate, kwangu hauingii."

Akalala kifudifudi. Mikono ilishuka pole pole kando ya uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, misuli ikilalamika hapa na pale kama misuli ya yeyote anayebeba magunia. Kisha akagonga kwa ncha ya vidole, taratibu, kama anayebisha mlango wa aliyelala. Kwenye pingili moja yule mtu mkubwa alikaza mwili wote.

Ilikuwa ni pale pale palipokuwa pakilia mgongo wa dada yake. Viganja vyake vilijua namna ya kukaa, uzito gani, upande gani. Vilitaka. Ko moja, na mtu angeinuka akitabasamu.

Aliondoa mikono, akaifunga kifuani kama inayoweza kutoroka.

"Kaa, kaka yangu."

"Mbona hukuniliza?"

"Nikikuliza utapata nafuu."

"Si ndiyo nimekuja kuitafuta?"

"Nafuu ndiyo ninayoiogopa," alisema Mama Viungo. "Utaoka mikate wiki nzima ukiamini umepona, na kinachokuuma kitakuwa kinapata nafasi. Huo mfupa unataka kuonekana kwa picha, leo, kabla mtu yeyote hajaukandamiza. Huenda ni kitu kidogo. Mimi siwezi kukijua kwa vidole, na nisikudanganye kwamba najua."

Mwoka mikate alimtazama mkewe, akitafuta mzaha, asiupate. Mkewe alikuwa tayari ameshalifungua koti, amemshikia mkono wa kuingizia.

"Tanuri?" aliuliza.

"Tanuri litapoa," mkewe alisema. "Vaa."

Alivaa. Mama Viungo akampigia simu daktari wa mifupa mbele yao, akarudia mara mbili neno "leo" mpaka akajibiwa njooni. Aliwasindikiza mpaka mlangoni. Mwoka mikate alishika kitasa, akageuka, na uso wake ulikuwa umepungukiwa na utani wote.

"Nikitoka huko, nirudi?"

Mama Viungo aliinua mkono tu, akaagana nao kwa kichwa. Akasikiliza hatua zikishuka, zile nzito na zile nyepesi, mpaka mlango wa chini ulipojifunga na kelele za duka la rangi zikazifunika. Alirudi kitandani, akalaza kiganja kwenye shuka, mahali palipobaki joto la mgongo.

"Rudi tu," alisema, taratibu mno.