Kidevu cha Bibi

Nililamba kidole nikamfuta binamu yangu uso. Sikuteleza wala sikusukumwa. Nililamba mara mbili, maana mara ya kwanza ilitoka pua tu.

Kabla hujanihukumu, sikia alichonifanyia. Krismasi alikuja kwetu Irving. Nilikuwa nimeprinti picha yangu ya mpira wa kikapu, ile pekee ambayo nimeruka kweli. Wino haujakauka, yeye akaweka juu yake glasi ya soda yenye barafu. Alipoinua glasi, magoti yangu yakaondoka nayo.

"Kumbe unaruka bila miguu!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Jumapili kanisani vijana wote wakaniita Bila Magoti. Nikaapa.

Kwa hiyo mama aliposema twende Houston kwa mama mkubwa, dada yake, nilipanda gari nikiwa na furaha isiyo ya Kikristo. Mama alikuwa na lake. Alikuwa anafuata picha ya marehemu bibi, iliyopigwa kwenye kambi ya wakimbizi, binamu akiwa mtoto mapajani mwake. Simu iliyokuwa na picha hiyo ilishakufa. Ilibaki karatasi moja tu, aliyoiprinti mwenyewe akampa dada yake, na alitaka kuiskani.

Tukaikuta ukutani karibu na jiko la kuchemshia maharagwe, imefungwa nailoni. Mama mkubwa hufunga nailoni kila kitu: rimoti, makochi, hata Biblia. Ndani ya nailoni mlikuwa na matone ya mvuke.

"Dada, umeipika!" mama akasema. Akaifungua taratibu, akailaza mezani ipate hewa. "Asiiguse mtu."

Wakatoka kusalimia jirani. Nikabaki na uso wa adui yangu, umri wa mwaka mmoja, mashavu kama maandazi.

Ndipo nikalamba kidole. Nilimlenga yeye tu, naapa. Lakini karatasi ilikuwa imelowa tayari. Wino wa uso wake ukapanda wenyewe, polepole, ukaingia kwenye kidevu cha bibi. Nikapuliza. Nikakandamiza na tishu. Tishu ikatoka na kidevu.

Binamu alikuwa mlangoni. Nilitegemea acheke. Akapiga kelele: "Mama mdogo! Njoo umwone mwanao anamyeyusha bibi!"

Mama aliitazama picha, akaitia katikati ya karatasi mbili kavu, akaibeba. Tukarudi Irving. Mimi njia nzima nilikuwa nampangia binamu mengine, kwa sababu kumchukia yeye kulikuwa rahisi zaidi.

Nyumbani mama akaskani kilichobaki, akaprinti kwenye karatasi ya picha, akaniachia kazi ya kuihifadhi. Nikaifanya kama mtumwa. Niliiacha ikauke siku nzima, mbali na jiko na bafu. Nikaipeleka nje, nikaipulizia dawa ya kuzuia maji mara tatu, kidogokidogo, kila mara nikisubiri ikauke. Nikaitia kwenye fremu, na kadibodi pembeni ili kioo kisiiguse. Hata soda ya binamu isingeipata. Bibi alikuwa salama kabisa, kuanzia mdomo kwenda juu.

Nikampelekea mama jikoni, nikisubiri walau "asante". Akafuta mikono, akaishika, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Alikuwa na kishimo kidevuni kama hicho chako," akasema. "Nilitaka siku moja nikuoneshe ulikokitoa."