Majani Ndani ya Ufuta

Jirani wa mlango wa pili alileta habari kabla uji wa mtoto haujapoa. Bi Ungo, alisema huku akijifunga mtandio upya, ametia uchawi kwenye magunia ya wale wanunuzi wa kutoka Asia. Limekutwa jani ndani ya ufuta. Anataka meli izame.

"Meli ikizama yeye atapata nini? Kwani ni papa?" mama mtoto alimjibu, akacheka, lakini kijiko akakirudisha bakulini.

Maana jani lile alilijua.

Bi Ungo alikuwa mpepetaji kwenye ghala la ufuta tangu ghala halijaezekwa bati. Mwembamba, maneno yake ya kuhesabika, ila ungo mikononi mwake ulikuwa kama kitu hai: ufuta unaruka, vumbi linakwenda zake, punje zinarudi zote. Ndiye aliyemwombea mama mtoto kazi ya kushona midomo ya magunia, tena akamtengea kona yenye ubaridi amlaze mwanawe. Msimamizi alipong'aka kwamba ghala si chekechea, Bi Ungo alimwambia mtoto huyu hali ufuta, panya ndio wanaokula. Aanze kuwafukuza hao.

Msimu huu serikali mbili zilikuwa zimepeana mikono. Nchi ya wanunuzi ilikubali kuchukua ufuta moja kwa moja, bila madalali, na shehena ya kwanza ndiyo ya kuonjea. Ikipita, ghala litafanya kazi mwaka mzima. Ikirudishwa, mlango unafungwa, na wanawake wote wanarudi nyumbani kutazamana.

Ndipo jana mkaguzi wa wanunuzi, kijana mpole mwenye miwani, akachoma gunia kwa bomba lake la chuma la kutolea sampuli, na pamoja na punje likatoka jani la mwarobaini.

Mama mtoto alipofika kazini, hakuna aliyekuwa anapepeta. Msimamizi alikuwa amekwisha kuwapanga: atakayeulizwa aseme jani lilipeperushwa na upepo, basi. Gunia lile litolewe, mengine yapande lori. Mkaguzi yuko ofisini na mkalimani wake, wanakunywa chai. Kwani amekubali? mama mtoto aliuliza. Nusu nusu, mpakiaji mmoja alinong'ona. Anangoja msimamizi atie saini kwamba yaliyobaki ni safi.

Bi Ungo alikuwa kwenye kona ya mtoto, ungo umelala kifudifudi magotini. Alisogea kumpisha. Kisha, bila kumtazama, alieleza kwamba safari ya baharini ni ndefu na wadudu hawana adabu. Nyumbani kwake maharage hulala na majani ya mwarobaini, hayaguswi. Alitaka ufuta wao ufike kama ulivyotoka hapa. Basi akatia majani kwenye kila gunia la safu ya nyuma.

Mama mtoto aliyaona wakati akishona, wala hakushangaa; mama yake mzazi hufanya hivyo hivyo kwenye mtama. Mpaka jana hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kwa wanunuzi hawa jani lolote ni uchafu, na uchungu wake ukiingia kwenye mafuta, shehena nzima inatupwa.

"Magunia yakifunguliwa hapa, tutapepeta upya," Bi Ungo alisema. "Yakifunguliwa kwao, hawatasema Bi Ungo kakosea. Watasema nchi nzima ni waongo."

"Msimamizi atatufukuza, bibi."

"Atanifukuza mimi."

Nje lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, likanguruma. Mtoto alishtuka usingizini. Bi Ungo akampapasa mgongo mpaka akatulia, halafu akasimama, akajikung'uta makapi.

"Nikienda peke yangu watasema kizee kimechanganyikiwa. Wewe ndiye uliyeshona midomo, magunia unayajua. Mbebe mwanao, mwanangu, chukua na mkasi. Twende ofisini tukamwite mkaguzi, ukafumue gunia moja mbele yake."