Miche Sita Chemchemini

Juni ya Mbeya, ndugu yangu, unaijua: baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Juzi mafua yalinilaza, na jirani yangu, mama mwenye huruma nyingi kuliko subira, akaniletea sufuria ya majani ya mlingoti, ule ambao wengine huuita mkaratusi, yanayochemka, akanifunika blanketi nijifukize. Sikumaliza hata dakika mbili. Nilitupa blanketi nikalia, naye akadhani mvuke umeniunguza. Ningemweleza nini? Harufu ile ilinirudisha Iringa, kwa bibi yangu, miaka ya sabini, kwenye bonde ambalo mimi ndiye niliyelikausha.

Bibi alikuwa na kinyungu. Watu wa pwani huenda hawakijui: ni shamba la bondeni penye unyevu, unainua udongo kuwa matuta makubwa, unaacha mifereji ya maji katikati, kisha unalima kiangazi chote wakati wenzio wa kilimani wanatazama mawingu. Kwetu njaa ilikuja Desemba na Januari, ghala tupu na mahindi mapya bado. Sisi wakati huo tulikuwa tunachoma mahindi mabichi ya kinyungu, midomo myeusi kwa masizi, na jioni tunakula majani ya maboga yaliyoungwa kwa mbegu zake zilizotwangwa. Jirani akija na kikapu, bibi hakumrudisha mikono mitupu.

Maji yote yalitoka kwenye chemchemi moja chini ya mikuyu, juu kidogo ya shamba. Sabuni marufuku pale, panga marufuku, hata kelele zetu hakuzipenda. "Maji yana aibu," alikuwa akisema. "Ukiyachokoza, yanahama."

Basi mwalimu wetu wa kilimo akaja na kampeni ya miti. Alikuwa mtu mwema, aliyeamini miti na fimbo kwa kiasi kilekile. Na alikuwa na haki: milima yetu ilikuwa imebaki upara kwa kuni na moto wa kila mwaka, na kila mvua ilishuka na udongo mwekundu. Kila mwanafunzi alipewa miche sita ya mlingoti akapande kwao, na mwisho wa kiangazi mwalimu angepita kukagua. Kila mche uliokauka, kiboko kimoja. Mwaka wa kwanza nilipanda kilimani, nikachapwa vitano. Mwaka wa pili nikatumia akili, au kile nilichodhani ni akili: nikaipeleka yote chemchemini.

Bibi alinikuta nashindilia udongo.

"Mwalimu ndiye amesema ipandwe hapa?"

"Ndiyo, bibi."

Mwalimu hakusema hivyo hata siku moja.

"Haya. Yeye amesoma, mimi sijasoma." Akachukua jembe lake, akanichimbia mashimo mawili ya mwisho.

Miche yote sita ikashika. Nilipigiwa makofi mstarini, na bibi aliposikia alitembea kijiji kizima akitangaza. Baada ya miaka michache miti ilikuwa mirefu kuliko kanisa. Chemchemi ikaanza kujaza ndoo kwa uvivu, kisha ikabaki matope, kisha ufa tu. Mahindi ya kinyungu yakanyauka yakiwa hayajafika magotini. Januari ile, kwa mara ya kwanza, nilimwona bibi akienda kwa jirani na kikapu kitupu.

Mjomba alikuja na shoka. Bibi akasimama mbele ya miti. "Hii ni miti ya mtoto, alipigiwa makofi. Rudisha shoka lako. Ni mvua tu zimepungua."

Alijua. Mtu aliyelima bondeni maisha yake yote hashindwi kujua nani anayemnywea maji. Lakini aliendelea kuzisingizia mvua mpaka anakufa.

Tuliikata baada ya mazishi. Mvua zilipoanza, kila kisiki kikachipua upya. Siku hizi bonde lote ni milingoti, watu wanauza nguzo, na watoto wa kaka yangu ukiwatajia kinyungu wanakutazama tu. Hayo yote yananiuma. Ila linaloniuma zaidi ni dogo: miaka yote ile nilimngoja bibi anigombeze, walau mara moja, nipate pa kuanzia kumwambia ukweli. Hakunigombeza.